Jinsi ya kuielewa operoni ya lac bila kukariri: karatasi, kalamu na maswali matatu

Kila mitihani ikikaribia napata swali lilelile kutoka kwa wadogo zangu wa form six na wa mwaka wa kwanza chuo, "dada, hizi I minus, O c na I s tunazikariri vipi?" Hizo ni mutesheni, yani mabadiliko ya DNA, za operoni ya lac, lile kundi la jeni ambazo bakteria E. coli anazitumia kula laktosi, sukari ya maziwa. Na mi jibu langu huwa moja tu, usizikariri. Ukikariri, mtihani ukigeuza herufi moja umeisha. Ila ukikaa chini nusu saa ukajua protini inafanya nini pale kwenye DNA, mutesheni yoyote wakuletee utaisoma mwenyewe, hata ambayo mwalimu wako hajawahi kuitaja.

Tafuta karatasi mbili na kalamu za rangi tatu. Nasema kweli, usisome hii kwa macho tu, chora.

Kwanza maswali matatu

Yaandike juu kabisa ya karatasi, kila protini tutakayokutana nayo utaiuliza hayahaya. Moja, inashika wapi kwenye DNA? Mbili, nini kinaibadilisha umbo ili ishike au iachie? Tatu, ikishika, inamsaidia RNA polimerezi, yule anayesoma jeni, au inamziba njia? Basi. Bakteria wana protini za namna hii nyingi sana, E. coli peke yake anakaribia 300, na karibu zote zinaelezeka kwa maswali hayo.

Chora barabara

Chora mstari mrefu. Upande wa kushoto weka boksi uandike lacI, hii ndo jeni inayotengeneza represa, protini ya kuzima, na ina promota yake ndogo, yani kituo cha DNA anaposhuka polimerezi, inayowaka muda wote kidogokidogo. Mbele yake weka sehemu ya CAP (protini msaidizi, tutaifikia), halafu promota ya lac, halafu opereta, pale represa inaposhika, halafu maboksi matatu yaliyofuatana, lacZ, lacY na lacA. Hayo matatu yanasomwa kwa pamoja kwenye mRNA moja, yani nakala moja ya jeni, ndo maana tunaiita operoni. LacZ ni beta-galaktosidezi, kimeng'enya kinachokata laktosi. LacY ni pemiezi, yani mlango wa kuingizia laktosi ndani ya seli. LacA iandike tu uiache, kwenye kula laktosi haina mchango wa maana na hutaulizwa sana.

Sasa yupo wapi huyu E. coli? Yupo utumboni mwako. Mara nyingi laktosi hamna, siku umekunywa maziwa ipo. Kutengeneza vimeng'enya vya laktosi wakati laktosi hamna ni kupoteza nguvu, na bakteria anayepoteza nguvu anaachwa nyuma na wenzake wanaojizalisha haraka. Jacques Monod aliona jambo hili akiwa Paris miaka ya vita ya 1940, aliwapa bakteria glukosi na laktosi kwa pamoja akaona wanakua, wanasimama kidogo, halafu wanaanza kukua tena. Wanamaliza glukosi kwanza, wanajipanga, ndo wanaanza laktosi. Mwaka 1961 yeye na François Jacob pale Institut Pasteur wakatoa maelezo yote ya operoni, na 1965 wakapewa Nobel pamoja na André Lwoff.

Kitu ninachokipenda sana kwenye hii historia ni kwamba hawakuwa wameiona represa kwa macho. Walikuwa na mutesheni tu na akili, na hata walidhani represa inaweza kuwa RNA. Ni mwaka 1966 ndo Walter Gilbert na Benno Müller-Hill waliipata yenyewe kule Harvard ikathibitika ni protini. Kwahiyo wale walifika kwa karatasi na mantiki, na wewe unaweza kufika kwa njia hiyohiyo.

Mweke polimerezi kwenye kituo chake

RNA polimerezi ndo anayesoma DNA na kutoa mRNA. Hashuki popote tu, ana alama zake mbili anazozitafuta, moja iko kama herufi 35 kabla ya pale anapoanzia kusoma na nyingine kama 10. Alama bora kabisa kwa E. coli ni TTGACA na TATAAT. Ziandike. Chini yake andika za promota ya lac, TTTACA na TATGTT. Linganisha herufi kwa herufi, ya kwanza imekosea moja, ya pili imekosea mbili.

Hapo umeshajua kitu ambacho watu wengi wanakiruka. Promota ya lac ni dhaifu yenyewe kwa asili. Hata bila represa, polimerezi anakuja anashika vibaya anaondoka. Ni kama gari lenye betri mbovu, barabara iko wazi lakini haliwaki mpaka watu washuke wasukume. Kumbuka hili gari, tutalirudia kwenye CAP. Na ushahidi upo, kuna promota iliyobadilishwa inaitwa lacUV5, ile TATGTT imerekebishwa ikawa TATAAT, na hiyo inawaka vizuri bila kusukumwa. Ndo inayotumika kwenye bakteria wa maabara wanaoitwa BL21(DE3), wale wa kuzalisha protini kwa wingi.

Represa inasomaje DNA bila kuifungua?

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo moyo wa somo.

DNA imejisokota, na msokoto unaacha mitaro miwili inayoizunguka, mtaro mkubwa na mtaro mdogo. Zile herufi A, T, G, C zimeshikana katikati lakini kingo zake zinaonekana kwenye mtaro, hasa ule mkubwa. Kila jozi ya herufi ina mpangilio wake pale ukingoni wa sehemu za kushikana kwa haidrojeni, kwahiyo protini haihitaji kuchana nyuzi mbili ili isome, inapapasa ukingoni, kama mtu anayetambua funguo zake mfukoni kwa vidole bila kuzitoa. Represa ya lac ina kipande kidogo cha protini kilichojiviringa, kinaingia ndani ya mtaro mkubwa, na asidi amino zake zinagusana na herufi. Herufi zikiwa sahihi inashika kwa nguvu sana, zikiwa si sahihi inashika kilegelege inateleza mbele kuendelea kutafuta.

Sasa kazi. Andika opereta kuu ya lac, herufi 21:

AATTGTGAGCGGATAACAATT

Tengeneza uzi wa pili, A inakaa na T, G inakaa na C, halafu huo uzi wa pili uandike kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Utapata:

AATTGTTATCCGCTCACAATT

Ziweke moja juu ya nyingine uhesabu zinazofanana. Nimehesabu, ni 16 kati ya 21, na ile ya katikati kabisa haiwezi kufanana hata ungefanyaje. Maana yake upande wa kushoto na wa kulia wa opereta ni karibu kitu kimoja kilichogeuzwa. Kwanini? Kwa sababu represa inashika kwa vichwa viwili vinavyofanana, kila kichwa kinataka upande wake. Ukikuta mfuatano wa DNA unaojirudia kwa kugeuka hivi karibu na promota ya bakteria, shtuka, kuna uwezekano mkubwa kuna protini ya vipande viwili vinavyofanana inashika hapo.

Na represa ya lac imeenda mbali zaidi, ina vipande vinne, yani jozi mbili, kwahiyo molekuli moja inaweza kushika sehemu mbili za DNA kwa wakati mmoja. Opereta kuu iko pale tulipoichora. Kuna nyingine iko ndani ya lacZ kama herufi 400 mbele, na nyingine kama herufi 90 nyuma. Ziongeze kwenye mchoro wako kwa rangi nyingine. Represa inashika ile kuu na mojawapo ya hizo mbili, DNA ya katikati inajikunja kama kitanzi. Ukiziharibu hizo opereta mbili za pembeni ukaacha ile kuu peke yake, uwezo wa kuzima jeni unashuka kutoka kama mara 1,300 mpaka kama mara 18 tu. Vitabu vingi vya shule vinachora opereta moja, sio kosa kwa mtihani, lakini ujue ukweli ni huu.

Hesabu nyingine ya kukushangaza, seli moja ina kama represa 10 tu, na DNA yake ina herufi milioni 4.6. Hizo 10 zinailinda sehemu moja hiyo usiku na mchana.

Swali la tatu kwa represa? Inaziba njia. Imekaa mahali ambapo polimerezi anataka kukanyaga.

Nini kinaiachisha

Wengi wanaandika "laktosi inashika represa". Kwa haraka haraka inapita, ila aliye makini anajua ni alolaktosi, ndugu yake laktosi, sukari zilezile mbili zimeunganishwa sehemu tofauti. Na nani anatengeneza alolaktosi? Beta-galaktosidezi huyohuyo! Na laktosi inaingiaje ndani? Kupitia LacY hiyohiyo. Sasa kama operoni imezimwa kabisa, mlango hamna na kimeng'enya hamna, laktosi ya kwanza inaingiaje na nani anaibadilisha?

Jibu ni kwamba haizimwi kabisa. Represa mara mojamoja inaachia, polimerezi anapita, mRNA moja inatoka, protini chache zinatengenezwa, halafu panazibwa tena. Hizo chache ndo zinaonja mazingira kila wakati. Laktosi ikija, chache hizo zinaingiza kidogo, zinatengeneza alolaktosi kidogo, represa inaachia zaidi, milango inaongezeka, laktosi inaingia kwa fujo. Mwanafunzi akikuuliza swali hili ukamjibu hivi umemfungua macho kabisa.

Alolaktosi haiingii pale kwenye vichwa vinavyoshika DNA. Inaingia kwenye mfuko wake katikati ya protini, protini nzima inajipinda kidogo, vichwa vinakaa vibaya haviwezi tena kuingia kwenye mitaro miwili ya jirani kwa pamoja. Maabara wanatumia kemikali ya IPTG badala yake, inaiachisha represa vilevile lakini kimeng'enya hakiwezi kuikata, kwahiyo haiishi.

Sasa wasukumaji: CAP

CAP, wengine wanaiita CRP, ni kitu kilekile usichanganyikiwe. Muulize maswali yako. Inashika wapi? Nyuma kidogo ya promota, na yenyewe ni jozi. Nini kinaibadilisha? cAMP, kijimolekuli cha ishara ndani ya seli, bila hiyo haishiki vizuri. Ikishika inafanya nini? Inaikunja DNA karibu kona ya mraba na kumshika polimerezi kwa mkono, ile betri mbovu inapata msukumo gari linawaka.

Glukosi inaingilia wapi? Glukosi ikiwa inaingia ndani ya seli, cAMP inashuka, CAP inakosa mwenzake, wasukumaji hamna. Halafu kuna jambo la pili ambalo mara nyingi halifundishwi na lina uzito mkubwa, ile mashine inayoingiza glukosi ina kipande kinachoenda kuufunga mlango wa LacY, laktosi inabaki nje hata kama LacY ipo. Laktosi isipoingia, alolaktosi hamna, represa inabaki imeshika. Tafadhali usiandike kwamba glukosi inaishika represa, haiishiki, nimeona hilo kosa kwenye makaratasi mengi mno.

Jaribu hali nne mwenyewe kwenye mchoro. Hamna laktosi ipo glukosi, njia imezibwa na wasukumaji hamna, karibu zero kabisa. Hamna zote mbili, wasukumaji wapo ila njia imezibwa, bado karibu na zero. Zipo zote mbili, kidogo sana. Laktosi peke yake, gari linaondoka kwa kasi.

Mutesheni, pale watu wanapoogopa

Sheria ni moja, iandike kwa kalamu nyekundu: protini inaogelea, DNA haiogelei. Represa iliyotengenezwa na kipande kimoja cha DNA inaweza kwenda kushika kipande kingine chochote ndani ya seli ileile. Lakini opereta inaongoza jeni zilizo kwenye mstari wake tu, haiwezi kuhama.

Kwenye majina haya minus ni jeni mbovu, plus ni nzima. I minus, represa imeharibika haishiki, jeni zinawaka muda wote. Ukimwongezea seli I plus kwenye DNA nyingine, tatizo linapona, kwa sababu represa nzima itaogelea mpaka pale. O c, opereta imeharibika, represa nzima ipo ila haina pa kushika, kuongeza opereta nzuri kwenye DNA nyingine hakusaidii chochote. I s, represa haisikii alolaktosi, inashika na haiachii, na hiyo itazima mistari yote miwili yenye opereta nzima hata kama kuna I plus pembeni.

Tufanye moja pamoja. Seli ina mistari miwili, wa juu I plus, O c, Z minus, Y plus. Wa chini I minus, O plus, Z plus, Y plus. Chora yote miwili. Bila laktosi, je kuna represa nzima? Ipo, inatoka mstari wa juu. Inaogelea. Mstari wa juu haina pa kushika, kwahiyo wa juu unasomwa, ila Z yake mbovu, inatoka Y tu. Mstari wa chini opereta nzima, inazibwa. Kwahiyo bila laktosi beta-galaktosidezi hamna, pemiezi ipo. Weka laktosi, wa chini unafunguka, sasa Z nzima inatoka. Jibu: beta-galaktosidezi inasubiri laktosi, pemiezi inatoka muda wote. Ukiweza hii bila kuangalia, ibadilishe I plus ya juu iwe I s uone mwenyewe inakuwaje kwa Z na kwa Y, usiniulize, mchoro utakwambia.

Uione kwa macho maabara

Wewe uliyeko maabara ya hospitali, hii operoni unaiona kila siku. Midia ya MacConkey ya kukuzia bakteria ni laktosi, peptoni, chumvi za nyongo na rangi, glukosi hamna humo. E. coli akikua pale alolaktosi inapatikana, represa inaachia, CAP inasukuma, laktosi inakatwa, asidi inatoka, koloni inakuwa ya pinki. Salmonella anabaki hana rangi kwa sababu kwa kawaida hana hizo jeni za lac. Shigella sonnei mwanzoni naye hana rangi, lakini ukimpima kwa ONPG, kemikali inayogeuka njano beta-galaktosidezi akiikata, anatoa njano, maana kimeng'enya anacho ila laktosi inaingia kwa shida, ONPG inaingia kirahisi zaidi.

Na hapohapo kwenye ONPG, maelekezo yanasema chukua koloni kutoka kwenye midia yenye laktosi, kama TSI au KIA. Watu wanaruka hiyo sentensi wakidhani ni mazoea tu. Sio mazoea. Koloni iliyokulia mahali pasipo na laktosi represa yake imeshika DNA, kimeng'enya ni kidogo, njano inaweza kuwa hafifu ukaripoti hasi wakati ni chanya. TSI ina glukosi pia lakini ni kidogo, mpaka asubuhi imeshaisha, wamebaki na laktosi. Ukielewa represa, sentensi ile ya kwenye maelekezo hutairuka tena maishani.

Peleka maswali kwingine

Represa ya triptofani, TrpR, inafanya kinyume, inashika DNA pale triptofani inapokuwepo, maana chakula kipo cha nini kutengeneza. TetR inaziba jeni ya pampu inayotoa tetrasaiklini, dawa ikiingia inaishika TetR inaachia, pampu inatengenezwa, dawa inatupwa nje, hiyo ni mojawapo ya njia za usugu tunazopambana nazo. DtxR ya bakteria wa dondakoo inashika DNA ikiwa na madini ya chuma, kooni kwa mtu chuma huru ni adimu, inaachia, na jeni iliyokuwa imezibwa ni ya sumu yenyewe. Jeni ya sumu imeletwa na virusi vya bakteria, ila represa ni ya bakteria, protini inaogelea, unaona sheria ileile.

Ukitaka kujipima, tafuta AraC inayoongoza sukari ya arabinosi. Bila arabinosi inashika sehemu mbili zilizoko mbali na kuikunja DNA kitanzi, imezima. Arabinosi ikija, protini ileile inahamisha mkono mmoja kwenda kushika sehemu ya jirani, na sasa inamsaidia polimerezi. Ichore hiyo kwenye karatasi ya pili, maswali matatu juu, na uchore mara mbili, bila arabinosi na ikiwa na arabinosi.